Mama Subiri na Kioo cha Chumba Namba Mbili

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Subiri atachukua mkoba wake, atashuka ngazi za jengo letu na kwenda zake nyumbani, na Jumatatu hatarudi. Kila mwanasaikolojia tiba aliyepata shahada yake ya uzamili katika idara hii amepita mikononi mwake. Wengine walitoka wakicheka, wengine wakijifuta machozi, na wapo waliofanya yote mawili wakiwa bado kwenye korido.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, mwalimu wa takwimu, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa hoja kwamba walimu wengine wote ni wanasaikolojia na wangelia kabla ya kufika aya ya pili. Mimi wananijua. Ni mtu wa namba, silii hovyo. Haya, tuone.

Jina lake halisi lipo kwenye kadi ya mwaliko, lakini ukiliulizia getini, mlinzi atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Ulizia Mama Subiri, utasindikizwa mpaka mlangoni. Jina hilo amelipata kwa haki. Mwanafunzi akianza kumshauri mteja ambaye hata hajakaa vizuri kitini, yeye husema neno moja tu: subiri. Mwanafunzi akimmalizia mteja sentensi yake, subiri. Mwanafunzi akija ofisini macho mekundu kusema kwamba hafai, anaacha masomo, anarudi kufundisha sekondari, ataambiwa subiri na kuvutiwa kiti. Wengi wa waliovutiwa kiti kile leo wana ofisi zao na wateja wao.

Kwa wageni wetu ambao hawajui kazi hii inavyofundishwa, naomba nieleze kidogo. Chumba namba mbili kina viti viwili, meza ndogo, boksi la tishu, na kwenye ukuta mmoja kioo kikubwa. Aliye ndani anaona kioo tu. Aliye chumba cha nyuma, kwenye giza, anaona na kusikia yote. Mteja huambiwa mapema kwamba anayemhudumia bado anajifunza na kwamba msimamizi yuko upande wa pili. Asipotaka, pazia linashushwa, na hakuna anayemnunia. Mwanafunzi akipotea njia, msimamizi hugonga kioo. Hapo mwanafunzi huomba radhi, hutoka, huelekezwa mawili matatu, kisha hurudi ndani. Mama Subiri hugonga kwa funguo zake, fungu zito lenye funguo za kliniki nzima na nyingine ambazo nadhani hata yeye hajui zinafungua nini. Kuna mhitimu wetu mmoja aliniambia kwamba mpaka leo akisikia funguo zikilia sokoni anasimama na kuanza kufikiria amekosea wapi.

Lakini kugonga kila mtu anaweza. Kilichompa Mama Subiri heshima ni kutogonga. Nimekaa nyuma ya kile kioo na wasimamizi wengi, na nasema bila kuficha: wengi hugonga kwa sababu wao wenyewe ndio wameshindwa kuvumilia. Ndani pakitulia kidogo tu, mikono inawawasha. Yeye hukaa. Husema kwamba mwanafunzi anayegongewa kila mara hujifunza kukisikiliza kioo, na mtu aliye mbele yake anabaki peke yake.

Ndiyo maana miaka miwili iliyopita, muda wake wa kustaafu ulipofika, aliomba mkataba wa nyongeza. Mkuu wa idara alimwuliza anangoja nini hasa. Jibu lake tunalijua sote, maana alilisema kwenye kikao: "Sitoki hapa mpaka nimwone mtu anayeweza kukaa nyuma ya kile kioo na mikono yake ikatulia." Hakuwa anatania. Aliona kliniki tatu za mafunzo zikigeuka kuwa vyumba vya kuamrisha wagonjwa baada ya walimu wazee wa huko kuondoka, na hakutaka yetu iwe ya nne. Akawakalisha wasimamizi wetu nyuma ya kioo mmoja baada ya mwingine, akawatazama, akashukuru, akabaki kazini. Mimi sikukalishwa, na namshukuru Mungu.

Tulipoanza hatukuwa na kioo wala viti vinavyofanana. Idara ilikuwa vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya vitabu, na harufu ya gundi haikuisha mpaka tulipohama. Mama Subiri, akiwa kijana aliyetoka masomoni na koti lake la pekee, alipigania kioo hicho mwaka mzima. Kilipowekwa, fundi umeme aliyeletwa kufunga taa aliweka swichi kinyume: chumba cha mteja kikawa giza, chumba cha wasimamizi kikawaka kama ukumbi wa harusi. Mteja wa kwanza kabisa, baba mmoja mstaarabu sana, aliingia, akaona walimu wanne wamejipanga ukutani na kalamu zao, akasimama akawapa shikamoo mmoja mmoja. Wakaitikia. Wangefanyaje?

Yule fundi aliitwa arudi kurekebisha, akarekebisha. Wiki iliyofuata akaja kuhakikisha. Wiki nyingine akaja kuhakikisha tena. Swichi ile ilihakikishwa mpaka rangi ikabanduka, na mwaka ulipoisha tukala keki ya harusi yao. Leo shemeji yetu yuko hapa ukumbini, naye ana siri ambayo amenipa ruhusa niitoe: nyumbani mama huyu hajui kusubiri hata kidogo. Chai haijachemka ameshafunua sufuria. Taa ya barabarani ikiwa nyekundu anaisema kwa sauti. Subira yote anaimalizia kazini, na familia inapata kilichobaki. Na mimi, ninayekusanya maksi kwa niaba ya ofisi ya mitihani, najua kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kuleta maksi kwa wakati. Kila muhula nimezifuata mlangoni kwake kama mtu anayedai mahari, na kila muhula nimeambiwa, mnajua nini. Subiri.

Usaili wake wa kupokea wanafunzi wapya uliogopwa kuliko mtihani. Kila mwombaji aliulizwa kwa nini anataka kazi hii, na karibu kila mmoja alijibu kwamba anapenda kusaidia watu. Mama Subiri alikuwa akitikisa kichwa kwa upole, akiandika kitu, kisha akiuliza: "Na wasiposaidika?" Hapo ndipo usaili ulipoanza. Kuna waliopandisha sauti, kuna walioanza kutaja vitabu. Aliowapenda ni wale walionyamaza wakafikiri.

Mwaka mmoja alikuja mtu ambaye hakujua kunyamaza. Alikuwa mtangazaji wa redio, sauti yake tukiijua sote kutoka kipindi cha asubuhi, na kwa jina hilo hilo la Mtangazaji tunamwita mpaka leo. Aliacha kazi akiwa kwenye kilele chake. Wasikilizaji walikuwa wakimpigia simu baada ya kipindi kumwambia mambo yao, na alitaka kujua cha kufanya nayo. Familia yake ilimwona amerukwa na akili. Mkewe peke yake ndiye aliyemwambia aende. Alikuwa na moyo mkubwa na akili nyepesi, na takwimu zangu alizimeza kama maji. Tatizo lake lilikuwa moja. Redioni ukimya ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi, na kwetu ukimya ni nusu ya kazi yenyewe. Mteja akivuta pumzi tu, Mtangazaji ameshaingia.

Kisa chao na Nesi kimesimuliwa sana, mara nyingi kwa chumvi, kwa hiyo nakisimulia kama kilivyokuwa. Nesi, aliyekuwa muuguzi wa wodi ya watoto kabla ya kuja kwetu, alikuwa mwaka wa pili na amerudi siku hiyo kutoka mafunzo ya hospitali. Mtangazaji alikuwa mgeni kabisa. Hawakuwahi kuonana, na Nesi, kwa zamu zake za asubuhi wodini, hakuwahi kukisikia kipindi kile cha redio. Kwa uzembe wa ratiba, wote wawili waliambiwa waende chumba namba mbili, watamkuta mteja wa kuigiza wa kufanyia mazoezi. Nesi akaingia akamkuta mtu. Mtangazaji akaona mtu ameingia. Kila mmoja akamkaribisha mwenzake. Kila mmoja akamhakikishia mwenzake kwamba yatakayosemwa ni siri. Nesi akauliza ni nini kimemleta leo, Mtangazaji akajibu kwamba angependa kwanza kusikia ni nini kimemleta yeye. Wote walikuwa wamefundishwa kutomjibu mteja maswali ya kujihusu, basi maswali yakaenda na kurudi kama mpira wa meza, kwa adabu kubwa.

Mama Subiri alikuwa nyuma ya kioo. Aligundua mapema, na hakugonga.

Aliyeshindwa kwanza ni Mtangazaji. Nesi alinyamaza kidogo, na yeye akaona afadhali ajisimulie mwenyewe ili kumtia moyo huyu mteja mgumu. Alipoanza hakuacha. Akasimulia redio, akasimulia mkewe, mwishowe akajikuta anasimulia nyumba aliyokulia, ambako baba yao akinyamaza mezani watoto walijua kuna jambo, na yeye kama mtoto mkubwa alikuwa na kazi ya kusema chochote, hata upuuzi, mpaka baba acheke. Kwenye kikao cha mchana Nesi akawasilisha kesi yake vizuri sana: mteja ni mwanamume mchangamfu, ana sauti nzuri, anaongea ili kitu kibaya kisitokee. Mtangazaji, aliyekaa viti viwili kutoka kwake, akainua mkono taratibu. "Jamani, huyo mteja ni mimi." Kicheko kilichofuata kilimtoa mkuu wa idara ofisini. Mama Subiri alicheka mpaka akavua miwani. Watu walipotawanyika alimwuliza Mtangazaji kama aliyoyasema Nesi ni kweli, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, kijana yule hakupata neno.

Kujua tatizo hakukuliondoa. Muhula uliofuata alianguka kwenye mtihani wa vitendo, akarudia, akaanguka tena. Kanuni zetu hazina mchezo: wa tatu ukianguka, unafungasha. Kamati ilikaa, na wengi walisema arudi redioni alikokuwa anapendwa, asipotezewe muda. Mama Subiri alisikiliza wote mpaka mwisho, kisha akasema neno lake. Wakanuna, lakini wakasubiri.

Alichomfanyia baada ya hapo sijakiona kwenye kitabu chochote. Kila alipokaa nyuma ya kioo kusimamia wengine, alimkalisha Mtangazaji pembeni yake na kumpa lile fungu la funguo alishike kiganjani. Sharti lilikuwa zisilie. Basi. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Ndani ya chumba mteja akinyamaza, huku nyuma funguo zinaanza kucheza kama kengele za mbuzi. Hakumkemea. Alimwangalia tu mkono, na Mtangazaji naye akajiangalia mkono, akaanza kuona ni lini hasa hofu inamfikia. Siku nyingine alitoka pale shati limelowa. Muhula ulipokaribia kuisha, nilipita kuulizia maksi zangu nikawakuta wamekaa gizani wote wawili, na funguo hazisemi kitu.

Ukaja mtihani wa tatu. Haya ninayoyasimulia, mteja mwenyewe ameruhusu, na alipoulizwa kama tubadilishe chochote alisema tuache kama yalivyo. Alikuwa mama mmoja fundi cherehani, amefiwa na mumewe, na tangu mazishi alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana. Alikuja kila mara na dada yake mkubwa, mtu mwema mno, aliyemjibia kila kitu. Ukimwuliza mama amelalaje, dada anajibu. Ukimwuliza jina, dada analitaja. Siku hiyo Mtangazaji alimwomba dada abaki chumba cha kusubiria, akaingia na mama peke yao.

Nyuma ya kioo tulikuwa watatu: Mama Subiri, mtahini wa nje, na mimi, niliyewekwa na kanuni kwa niaba ya ofisi ya mitihani. Mtangazaji alisalimia, akauliza swali moja fupi, akanyamaza. Mama naye akanyamaza. Mtahini akajikunakuna. Baadaye akanong'ona kwamba kijana amekwama, agongewe. Mama Subiri hakugeuka. Mtahini akanong'ona tena, safari hii kwa ukali, kwamba huu si mtihani, huu ni mtu kusinzia. Mimi, kusema ukweli, nilikuwa tayari kukigonga kile kioo kwa kichwa changu. Nilimtazama Mtangazaji nikaona jasho linamtelemka shingoni na mikono yake imelala mapajani. Alikuwa anamtazama yule mama kwa upole, basi. Kama angefungua mdomo, alikuwa amekwisha, na yeye alijua, na Mama Subiri alijua. Funguo Mama Subiri alikuwa amezifumbata mwenyewe, zisilie.

Yule mama aliinua macho. Akatazama mlango, akatazama kiti ambacho dada yake angekikalia, akamtazama kijana.

"Leo hakuna wa kunisemea?"

"Hakuna, mama."

Akasubiri tena.

"Basi ngoja niseme mwenyewe," akasema yule mama, na akasema. Aliongea mpaka boksi la tishu likaisha. Alimsema mumewe, aliisema cherehani aliyoifunika shuka, na alimsema dada yake kwa mapenzi na kwa hasira. Mtahini wa nje alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta muda mrefu sana kuliko uchafu uliokuwepo. Kwenye fomu ya alama hakuandika maelezo yoyote, ila alama alizotoa ni za juu kuliko zote za mwaka ule.

Mtangazaji alihitimu, akafanya kazi hospitali miaka mingi, na mwaka jana akarudi kwetu kama msimamizi. Mkuu wa idara alidhani mambo yameisha. Mama Subiri alisema mtu kuvumilia akiwa ndani ya chumba ni jambo moja, kuvumilia nyuma ya kioo ni jingine, kwa sababu huko nyuma unamwona mwanafunzi wako anazama na funguo unazo. Akaendelea kumtazama. Tukaanza kutaniana kwamba mama huyu atastaafu akiwa na mkongojo.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda kufuata maksi zangu za mwisho, nikaambiwa yuko kliniki. Nikaingia kimya chumba cha nyuma. Mtangazaji amekaa kiti cha msimamizi, Mama Subiri kakaa pembeni kama mgeni, funguo zake mkononi. Ndani ya chumba namba mbili kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza, mteja wake wa kwanza kabisa, na mteja alikuwa baba mtu mzima ameinamisha kichwa, hasemi. Binti alikuwa anaigeuzageuza kalamu yake. Ikafika mahali akageuza macho kwenye kioo, akatutazama bila kutuona, akiomba.

Na Mama Subiri akainua funguo.

Naapa nimeona kwa macho yangu. Mama yule yule. Mkono ulikuwa umeshafika hewani karibu na kioo, na uso wake sijawahi kuuona vile. Nadhani aliona kwamba, mkataba ukielekea ukingoni, huyu huenda akawa mwanafunzi wa mwisho yeye kumsaidia, na moyo ukamshinda.

Mtangazaji hakugeuka. Hakuondoa macho kwa binti. Aliinua kidole kimoja tu, akasema kwa ile sauti ya redio, chini kabisa:

"Subiri, mama."

Mkono ukabaki hewani. Ndani, binti akavuta pumzi, akamrudia mteja wake, akatulia. Yule baba akainua kichwa. Alichosema ni chake na binti yule, sisi hakituhusu. Mama Subiri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua lile fungu, akaliweka kwenye kiganja cha Mtangazaji, na hakuna ufunguo hata mmoja uliolia. Akasimama, akanipita mlangoni, akatoa bahasha kwenye mkoba wake. Zilikuwa maksi zangu, zimekamilika, siku tatu kabla ya wakati. Mchana ule ule alimwambia mkuu wa idara kwamba yuko tayari kuaga.

Nilisema silii hovyo. Pale kwenye korido sikulia hovyo, nilikuwa na sababu.

Mama Subiri, asante kwa wanafunzi wote uliowavutia kiti. Asante kwa wateja ambao hawatajua kamwe kwamba kuna mtu aliwatetea haki yao ya kumaliza sentensi. Shemeji, tunakurudishia mkeo, na tunaomba radhi kwa kukaa naye muda mrefu hivi. Tunawaombea afya, wajukuu wasumbufu na asubuhi zisizo na ratiba. Chai ikichelewa kuchemka, mama, unajua la kufanya.

Nenda salama. Huku tulikobaki, mikono imetulia.